Kabla Mitungi ya Gesi Haijafika: Barua ya Wazi Kuhusu Vichwa vya Dizeli vya Reli Yetu

Kwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Reli la Uganda, Kamishna wa Makumbusho na Kumbukumbu, pamoja na uongozi wa Jiji la Jinja.

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Ombi langu nalitaja hapa juu ili asipatikane wa kusema hakulielewa. Chagueni angalau kichwa kimoja cha kila aina ya dizeli iliyofanya kazi katika reli ya Uganda. Kiondoeni kwenye orodha ya mali ya kupigwa mnada, kikokotwe hadi Jinja kwenye makumbusho ya reli, kiwekwe chini ya paa, na historia yake iandikwe wakati waliokiendesha na kukitengeneza wangali hai. Naomba hayo yafanyike sasa, wakati njia ya zamani bado inapitika.

Haraka yangu ina sababu. Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli hiyo itakuwa na upana wa milimita 1,435, na treni zake zitatumia umeme. Ya kwetu ya zamani ina upana wa mita moja kamili, kwa hiyo hakuna kichwa cha zamani kitakachoweza kukanyaga njia hiyo mpya. Huku nako njia ya zamani kati ya Kampala na Malaba imekuwa ikikarabatiwa, mataruma ya chuma yanatolewa na ya zege yanawekwa. Yote mawili nayafurahia. Mtu aliyekulia kwenye nyumba za reli Tororo hawezi kuichukia reli mpya. Lakini kila ukarabati huanza kwa kusafisha yadi, na hapo ndipo vitu vya zamani hupotelea. Mkandarasi anataka nafasi. Mhasibu anataka kufuta kwenye vitabu mali iliyokufa. Kichwa kilicholala njia ya pembeni, nyasi zimekifika kwenye ngazi, vioo vimevunjwa na watoto, hakina wa kukitetea katika kikao chochote.

Najua mtaniambia kwamba historia ya reli imekwisha kuhifadhiwa. Ni kweli kwa upande mmoja. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1971, wakati nchi zetu tatu zilikuwa bado na reli moja, na pale mvuke umetunzwa kwa heshima kubwa. Lipo garimoshi kubwa la mvuke la muundo wa Garratt, la aina ya 59, liitwalo Mount Gelai, moja kati ya 34 yaliyoundwa na Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Lipo pia behewa ambamo simba alimvuta afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, kule Kima, Kenya, mwaka 1900. Watu wanalipa kiingilio, wanapiga picha, wanashika magurudumu, wanarudi nyumbani na hadithi.

Mvuke una bahati kwamba hauwezi kuficha kazi yake. Mtoto akisimama mbele ya garimoshi la makaa anaona fimbo zinazosukuma magurudumu, anaona tanuru, anaona bomba la moshi, na hata bila mwalimu anaelewa kwamba moto ulichemsha maji na maji yakasukuma chuma. Dizeli imefungiwa kila kitu ndani ya sanduku. Ukiipita kwa nje unaona milango ya mabati na matundu ya hewa. Ndiyo maana wengi wakisikia neno urithi wa reli wanawaza moshi mweupe na filimbi, na wakiiona dizeli iliyokufa wanawaza kilo na bei ya chuma.

Kwingine waliliona hilo mapema. Baltimore, Marekani, kwenye makumbusho ya B&O, kimehifadhiwa kichwa namba 1000 cha mwaka 1925, kidogo, cha umbo la kisanduku, ambacho ndicho dizeli ya umeme ya kwanza kufaulu kibiashara nchini humo. St. Louis wanacho kichwa cha dizeli cha aina ya FT, namba 103, cha mwaka 1939, kilichozungushwa kwenye reli za kampuni nyingi kwa zaidi ya maili 80,000 ili wenye reli wajionee wenyewe kwamba zama za mvuke zimefika ukingoni. Uingereza wameitunza dizeli iitwayo Deltic, ile ya kwanza, iliyoundwa na English Electric mwaka 1955 kwa ajili ya majaribio. Hakuna kati ya hivyo kilichokuwa kizuri cha kupambwa kama Mount Gelai. Vilihifadhiwa kwa sababu vilibadilisha namna nchi nzima inavyosafiri, na wenyewe waliona kwamba kizazi kijacho kitataka kuviona kwa macho.

Nimeitaja English Electric kwa makusudi. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoiletea East African Railways, ile reli moja ya nchi zetu tatu, dizeli zake kubwa za kwanza za njia kuu, mwaka 1960. Ziliitwa aina ya 90, baadaye zikapewa namba mpya na kuwa aina ya 87. Ziliundwa Newton-le-Willows, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 1,840. Zilisimama juu ya ekseli nane, sita zikiwa na mota na mbili, moja kila mwisho, zikiwa za kusaidia kubeba uzito tu, kwa sababu reli zetu zilikuwa nyepesi na hazikujengwa kwa mashine za namna hiyo. Baada yake zikaja nyingine, nyingine kutoka Uingereza, nyingine kutoka Kanada.

Sasa tazameni mwaka wenyewe: 1960. Uganda ilipata uhuru Oktoba 1962. Dizeli na uhuru viliingia nchini karibu kwa pamoja, na hilo ndilo jambo ambalo makumbusho yetu hayana budi kulisema.

Reli ya Uganda, ile ya kwenye vitabu, ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 bila kugusa ardhi yetu kwa mipaka ya leo. Njia yetu ya kwanza ilikuwa ya Jinja hadi Namasagali, mwaka 1912. Njia kuu iliingia Kampala mwaka 1931 baada ya daraja la Jinja kuvuka Nile. Ile ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Muda wote huo garimoshi lilikuwa la mvuke, na vyeo na mishahara vilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Muasia katikati, Mwafrika chini. Waafrika walikuwapo tangu siku ya kwanza. Walibeba mataruma, wakatia makaa, wakasafisha mabomba, wakashika taa ya gadi usiku wa mvua. Waliofikia kiti cha dereva walikifikia kwa safari ndefu.

Miaka ya uhuru ilipokuja, vijana wetu wakapanda vyeo. Wakasoma umeme, wakasoma mafuta, wakasoma michoro ya nyaya iliyokunjwa mara nane. Njia ya kaskazini ikasogea Lira, ikafika Gulu, ikaenda hadi Pakwach ukingoni mwa Nile katika miaka hiyohiyo ya 1960. Mvuke uliendelea kwa miaka mingine mingi, siukatai. Lakini kama kuna mashine ambayo Mganda aliishika tangu ikiwa mpya, akaijua kuliko mtu mwingine yeyote, akaizeekea na ikamzeekea, ni dizeli. Kuihifadhi ya mvuke peke yake ni kuwaambia watoto kwamba reli ilikuwa kitu cha wageni, na wazee wao walikuwa wa kubeba mizigo tu.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na reli ikagawanyika vipande vitatu. Karakana kuu ilikuwa Nairobi. Fundi wa Kampala aliyezoea kupeleka injini Nairobi ifunguliwe na kufungwa upya akajikuta kazi yake yote iko ng'ambo ya mpaka, vipuri vimebaki huko, na fedha za kigeni hazipatikani. Mali ya jumuiya ilibishaniwa kwa miaka hadi mkataba wa mwaka 1984, ambapo Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Baadaye tukawa na karakana yetu Nalukolongo. Mafundi wa kizazi kile walikuwa wakitoa kifaa kwenye kichwa kilichokufa na kukifunga kwenye kile kinachopumua, wakichonga wenyewe kile ambacho kiwandani kilikuwa kimeacha kutengenezwa. Ukifungua milango ya ubavuni ya kichwa cha zamani utaiona kazi hiyo kwa macho: boliti za aina tatu kwenye kifuniko kimoja, bomba lililounganishwa kwa kiraka cha shaba, waya mwekundu ulioendelezwa kwa waya wa buluu. Mtu asiyejua ataona ubovu. Mimi naona nchi iliyokuwa haina kitu ikikataa treni yake isimame. Hakuna kitabu kinachoweza kuonyesha miaka ya 1970 na 1980 ya Uganda waziwazi hivyo.

Tafadhali, basi, kitakapofika Jinja kichwa cha namna hiyo, fundi wa rangi asije akasawazisha viraka hivyo na kuvipaka vyote rangi moja vipendeze. Viachwe, na kando yake pawe na maelezo ya kiraka kimewekwa kwa nini.

Nataka pia niwaambie kichwa cha dizeli kina nini ndani, kwa sababu nahisi wengi wanaoketi kwenye vikao vya kuamua hatima yake hawajawahi kupanda ngazi yake. Injini yenyewe, kwenye zile za English Electric, ina silinda 12 zilizopangwa pande mbili kama herufi V. Watu hudhani injini hiyo inazungusha magurudumu. Haizungushi. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme unakwenda kwenye mota sita zilizoning'inizwa kwenye ekseli chini ya sakafu. Kwa hiyo dereva kazi yake ni kugawa umeme. Mbele yake pana mita ya ampea, inayoonyesha umeme unaokwenda kwenye mota, na dereva mzoefu huitazama hiyo zaidi ya anavyotazama mita ya mwendo. Akianza mlima na mzigo mzito, sindano inapanda kuelekea upande mwekundu. Ikikaa huko muda mrefu, mota zinaungua. Akipunguza mno, treni inasimama kwenye mwinuko na huenda isiondoke tena. Reli ikiwa imelowa, anamwaga mchanga mbele ya magurudumu yasiteleze, lakini mchanga ni wa kubania, maana safari bado ni ndefu. Mzee mmoja jirani yetu Tororo, aliyeishika kazi hiyo hadi kustaafu, alikuwa akisema alikuwa anaisikia ampea masikioni kabla ya sindano kusogea. Kishikio cha mwendo kwenye vichwa vilivyofanya kazi sana kimelika upande mmoja, pale kiganja kilipokuwa kikikaa, na shaba yake inang'aa kuliko sehemu nyingine yoyote ya chumba. Kila dereva aliyekishika alichangia kidogo kukilainisha.

Huo ndio ufundi ambao mwanafunzi wa chuo cha ufundi Jinja au Mbale angeweza kuuelewa kwa saa moja, kama angeonyeshwa. Napendekeza kitu ambacho makumbusho mengine yamefanya kwa mashine zao: kichwa kimoja ambacho kimeharibika mno kurudishwa sura yake, kipasuliwe ubavu kitaalamu, ili mtu aone pistoni, aone jenereta, aone nyaya nene zikishuka hadi kwenye mota. Halafu aambiwe kwamba treni za umeme za reli mpya zitasukumwa na mota vilevile, tofauti kubwa ikiwa kwamba hii ya zamani ilibeba kiwanda chake cha umeme mgongoni na ile mpya itachukua umeme kutoka kwenye waya wa juu. Mtoto akielewa hivyo, reli mpya nayo ataielewa.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha usingizi. Kichwa cha dizeli kikiachwa nje hakifi kwa uzee, kinauawa na mvua na mikono ya watu, na mvua huanza kazi yake mahali ambapo wengi hawapafikirii. Bomba la kutolea moshi liko juu na liko wazi. Injini inapofanya kazi, joto na moshi vinazuia maji. Ikizimwa na kuachwa, kila mvua inayonyesha inaingia humo, inashuka hadi kwenye silinda, na pistoni zinashikana na kuta zake. Miezi michache ya mvua za kwetu hapa kandoni mwa Ziwa Nalubaale (Victoria) inatosha. Kipande cha bati na waya wa kufungia juu ya bomba lile vingeokoa injini yenye thamani isiyopatikana tena. Ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya hapo, maji ya kupozea yaliyobaki ndani yanakula kuta za mabomba. Betri zinavuja asidi na kutoboa sakafu. Mafuta ya zamani yanaganda. Wezi nao hawasubiri: kwanza kinachukuliwa kibao cha kiwanda, kisha kibao cha namba, kisha nyaya za shaba, na mwishoni vifuniko vya mota vinafunguliwa kwa ajili ya shaba iliyo ndani. Kichwa kisicho na namba wala kibao cha kiwanda hakina jina tena, na hapo kuuzwa kwa kilo ni hatua iliyobaki tu.

Nimeshuhudia mwisho wa namna hiyo kwa macho yangu, kwenye yadi ya stesheni moja ya mashariki ambayo sitaitaja, wala sitamtaja aliyenunua wala aliyeuza. Vijana wawili walikuja na mitungi ya gesi, wakaanza na chumba cha dereva kwa sababu mabati yake ni mepesi. Moto wa kukatia ulipita juu ya rangi, na rangi ikajikunja, na chini yake ikaonekana rangi nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena. Rangi tatu za zama tatu zilionekana kwa dakika moja kabla hazijaungua. Mlinzi aliniambia vijana wale walikuwa na karatasi zote halali, na sina shaka walikuwa nazo. Kwenye stuli iliyokuwa langoni pa yadi palikuwa na mama anauza karanga. Alikuwa anazifungia kwenye kurasa za daftari la matengenezo, zenye safu za tarehe, hitilafu iliyoripotiwa, na sahihi ya fundi. Nilinunua karanga nyingi kuliko nilivyohitaji. Kurasa nilizopata bado ninazo, na nitazitoa kwa makumbusho siku yatakapoziomba.

Hakuna aliyevunja sheria siku ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tuna sheria ya mwaka 2003 ya ununuzi na uuzaji wa mali za umma, inayosema mali isiyotumika iondolewe kwa utaratibu. Tuna Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967, na inayowapa wahusika mamlaka ya kulinda vitu vya thamani ya kihistoria. Sheria hizi mbili zinapita njia sambamba na hazikutani kwenye yadi ya reli. Ofisa anayeandaa orodha ya mnada hana wajibu wa kumpigia simu Kamishna wa Makumbusho, na Kamishna hana namna ya kujua kwamba kesho kichwa cha mwisho cha aina fulani kitakatwa.

Zikutanisheni. Pawe na daftari moja, la pamoja, linaloorodhesha kila kichwa, kila behewa na kila kreni ya reli iliyobaki nchini, iwe hai au imekufa: namba yake, kiwanda chake, mwaka wake, iko wapi. Na kitu chochote kilichomo kisipelekwe mnadani kabla Kamishna hajaweka sahihi kwamba si cha mwisho cha aina yake na hakihitajiki. Daftari na sahihi havihitaji bajeti ya nyongeza wala ripoti ya mshauri kutoka nje.

Nalijua swali linalofuata. Hospitali hazina dawa za kutosha, barabara zina mashimo, na mimi nazungumzia vyuma vikuukuu. Sitawaahidi mabilioni ya watalii. Makumbusho huingiza pesa taratibu, na mengi duniani huishi kwa msaada. Lakini naomba muilinganishe faida hiyo ndogo na bei ya chuma chakavu, ambayo inalipwa mara moja na kumezwa kwenye hesabu za mwaka mmoja. Jinja ina wageni tayari. Wanakuja kuona mahali Nile inapoanzia, wanashuka maporomoko kwa boti za mpira, wanakula samaki, wanaondoka. Makumbusho ya reli yapo palepale mjini, na mgeni aliyekuja kwa ajili ya mto angeweza kukaa nusu siku zaidi kwa ajili ya mashine anayoweza kupanda na kukaa kwenye kiti cha dereva wake.

Hesabu ya usafirishaji nayo isisahaulike, maana ndiyo inayoniharakisha kuliko zote. Kichwa cha dizeli cha njia kuu kina uzito wa makumi mengi ya tani. Leo, kama magurudumu yake yanazunguka, kinaweza kufungwa nyuma ya treni ya mizigo na kukokotwa taratibu hadi Jinja kwa gharama isiyotisha. Siku njia ya pembeni kilipolala itakapong'olewa, au pointi ya kuingilia, yaani kigeuza njia, itakapoondolewa, kitahitaji kreni, lori refu la matairi mengi, vibali vya barabarani na polisi wa kusindikiza. Hapo hata mimi nitakuwa sina la kujibu mtu akiniuliza kama gharama hiyo inastahili.

Kwa Jiji la Jinja nina neno fupi. Ardhi ya reli mijini inatamaniwa na wengi. Wekeni mipaka ya eneo la makumbusho sasa, pamoja na urefu wa njia wa kutosha vichwa kadhaa kusimama kwa mstari, na paa refu la mabati juu yake. Paa liwe la kawaida tu, la gharama ndogo, mradi maji yasipite. Kabla ya watoto kuruhusiwa kupanda, wataalamu wakague asbesto, kwani mashine nyingi za zama zile zilifungwa vifaa vya kuzuia joto vilivyotengenezwa kwayo, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Mafuta yote yamwagwe kwa utaratibu, betri zitolewe.

Tumekwisha kupoteza mengi kwa kusema tutayashughulikia baadaye. Namasagali palikuwa na bandari, meli za Ziwa Kyoga zikipokea abiria wa treni na kuwapeleka Masindi Port, na kutoka hapo watu waliendelea kwa barabara hadi Butiaba kupanda Robert Coryndon kwenye Ziwa Albert. Meli ile ilianza kazi mwaka 1930 na kuzama mwaka 1964. Mabaki yake yalionekana ufukweni kwa miaka mingi, kila mtu akijua yapo, na yakaishia kuwa chuma chakavu. Bandari ya Namasagali nayo leo inaonyeshwa kwa kidole zaidi ya kuonekana.

Wako pia watu. Madereva, mafundi, magadi, wanagengi waliosukuma trola alfajiri kukagua njia, mastesheni masta waliokabidhi tokeni, yaani kibali cha dereva kuingia kipande cha njia, kwa mkono treni ikipita bila kusimama. Wapo Tororo, wapo Soroti na Gulu, wapo waliohamishwa kutoka nyumba za reli za Nsambya, Kampala, na kusambaa. Wengi wana miaka zaidi ya sabini. Walitoka makabila yote ya nchi hii na wakaelewana kazini kwa Kiswahili, ndiyo maana nami nimewaandikia kwa lugha hiyo. Tumeni vijana wawili watatu wenye simu nzuri ya kurekodi, waende kwa wazee hawa na picha za vichwa, wawaulize kila kishikio kilikuwa cha nini na kila hitilafu waliimaliza vipi. Kichwa kisicho na maelezo ya dereva wake kitasimama Jinja bila wa kukieleza, na mwongoza wageni atabaki kusoma namba iliyo ubavuni.

Wazee hao wakiitwa kushauri, wasiitwe kwa sherehe ya kukata utepe peke yake. Wapeni kazi. Yupo anayejua ni kifuniko kipi kinafunguliwa kwanza, na yupo anayeweza kutambua kwa kugonga kwa nyundo kama injini imeshikana au bado inazunguka kwa mkono. Mlipeni posho yake, mumpe fundi kijana wa kumfuata.

Nimeambatanisha, kwenye nakala za barua hii zilizokwenda ofisini kwenu, orodha ya mahali ambapo mimi binafsi nimeona vichwa na mabehewa yaliyoachwa, pamoja na picha. Orodha hiyo haijakamilika, na mafundi wenu wanajua zaidi. Inatosha kuanzia daftari nililoliomba. Ninachotaka kusikia kutoka kwenu, kabla tangazo la mnada ujao halijatoka magazetini, ni jina la ofisi itakayolishika daftari hilo na tarehe ambayo kichwa cha kwanza kitaondoka kuelekea Jinja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa fundi wa reli, Tororo